Maranda Chini ya Meza

Hapana kazi ya mikono isiyoacha masalio. Seremala akiranda ubao hudondosha maranda; mshonaji akikata kitambaa huacha vipande; mpishi akipepeta mchele hubaki na chuya; na mwashi akimaliza ukuta huliangusha jukwaa la miti alilosimama juu yake. Masalio haya si kazi yenyewe, walakini pasipo hayo kazi isingefanyika. Mtu anunuaye meza haulizi maranda yalikwenda wapi. Huyaona siku moja tu, nayo ni siku seremala alipoanguka kabla ya kushika ufagio.

Kazi ya kompyuta hudhaniwa na wengi kuwa nje ya kanuni hii. Mtu huandika, hubonyeza, na jibu likatokea safi kama yai. Hakuonekana aliyetoka jasho, wala halikuonekana vumbi lililotimka. Dhana hiyo si kweli. Kompyuta nayo ina karakana yake, karakana ina meza, na chini ya meza mna maranda. Habari ifuatayo ni habari ya maranda hayo, na jinsi yalivyokaribia kumwondolea binti mmoja jina jema katika chuo kimoja cha mwambao.

Yafaa kwanza kuingia karakanani. Lugha ya C ilibuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Murray Hill, New Jersey, nchini Marekani, katika miaka ya mwanzo ya 1970. Mwanadamu aweza kuisoma lugha hiyo akijifunza, lakini mashine haiielewi hata kidogo. Mashine huelewa tarakimu zake tu. Kwa sababu hiyo hapana budi awepo mkalimani kati yao, na mkalimani huyo huitwa kompaila. Kompaila inayotumika sana katika mfumo wa Linux ni ile ya GCC, ambayo Richard Stallman aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1987.

Mwenye kuandika agizo la gcc hudhani amemwita mfanyakazi mmoja. Kumbe amemwita nyapara. Nyapara huyu hafasiri hata neno. Yeye hupokea kazi, huita mafundi wake mmoja baada ya mmoja, humpa kila mmoja zamu yake, kisha humkabidhi mwenye mali kitu kilichokamilika. Fundi wa kwanza, aitwaye cc1, huisoma C na kuigeuza kuwa lugha ya asembli, ambayo ni karibu na lugha ya mashine lakini bado ina herufi za kusomeka. Fundi wa pili, aitwaye as, huichukua asembli hiyo na kuigeuza kuwa tarakimu tupu. Fundi wa tatu, ld, huunganisha vipande vyote na kuvifanya programu moja yenye uwezo wa kwenda.

Basi fundi wa kwanza humpaje kazi yake fundi wa pili? Humwekea mezani. Meza hiyo ni folda iitwayo /tmp, na kinachowekwa juu yake ni faili ya muda. Jina lake huanza na herufi cc, hufuatwa na herufi sita za kubahatisha ili lisigongane na jina la mwingine, kisha humalizikia kwa .s ikiwa ni asembli, au .o ikiwa ni tarakimu. Kazi ikiisha, nyapara huzifuta faili hizo zote. Mwenye programu huondoka na programu yake, asijue kwamba vitu hivyo viliwahi kuwako duniani.

Desturi hii ilizaliwa na ufukara. Kompyuta ya PDP-11 ambayo Unix ilihamishiwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 24 tu, na sehemu kubwa ya hizo ililiwa na mfumo wenyewe. Chumba kilikuwa kidogo, mafundi hawakuweza kuingia wote pamoja. Ilikuwa lazima mmoja amalize, aandike alichofanya katika diski, atoke, ndipo aingie mwenzake. Kompaila za Unix za miaka hiyo ziliipa faili ya muda jina kama /tmp/ctm0a. Ikiwa jina hilo limekwisha kutwaliwa, herufi ya mwisho hugeuka kuwa b, kisha c, na kuendelea. Hata wakati huo, basi, mtu aliyekufa bila ya kufagia alikuwa amemnyima mwenzake herufi moja.

Nyapara wa GCC ni mwangalifu. Kazi ikiharibika kwa kosa la mwandishi, hufagia. Mwenye kazi akibadili nia na kuikatiza katikati kwa kibodi, husikia, hufagia, huondoka. Akipelekewa ishara namba 15, ambayo maana yake ni ombi la kuacha kazi, huitii, lakini hufagia kwanza. Ipo ishara moja tu ya kuua asiyoweza kuisikia, nayo ni namba 9. Ishara hiyo haimfikii mwenye kuuawa. Kiini cha mfumo humwondoa duniani palepale, bila ya onyo, wosia wala buriani. Ufagio huanguka pamoja naye, na kila kilichokuwa mezani hubaki kama kilivyokuwa.

Jambo moja zaidi lafaa kujulikana. Folda ya /tmp ni kama baraza la mji: kila mtu ana haki ya kutandika mkeka wake. Lakini ili pasiwe na uonevu, imewekwa alama maalumu yenye kumzuia mtu asikunje mkeka wa mwenzake. Mwenye faili huifuta yake, na mwenye mamlaka yote ya mashine huweza kufuta za wote. Mifumo mingi siku hizi hulifagia baraza hili yenyewe, ikaondoa kilichokaa siku nyingi. Mingine husubiri mpaka mashine izimwe na kuwashwa upya. Seva ya chuo hicho ilikuwa ya namna hii ya pili. Na kwa kuwa ilikuwa na betri nzuri na jenereta, haikuzimika kwa miezi mingi. Sifa yake ndiyo iliyokuwa mlango wa dosari yake.

Binti huyo alikuwa akitengeneza tasnifu ya shahada ya pili juu ya upatanisho wa ngeli. Kwa muda wa mwaka mzima alikusanya maneno kutoka katika magazeti na vitabu, akayapanga katika jedwali: neno, ngeli yake, na mara lilizotokea. Kwa kuwa kitenzi kimoja cha Kiswahili huzaa sura nyingi mno kwa viambishi vyake, jedwali lake lilifika mistari milioni moja na nusu. Aliambiwa na rafiki kwamba jedwali likiwekwa ndani ya programu yenyewe ya C, hutafutwa upesi zaidi. Akaliweka. Haukuwa uamuzi wa busara, lakini haukuwa dhambi. Kila mstari wake mfupi ulipofika kwa cc1 uligeuka kuwa mistari mitano au sita ya asembli, na faili moja ya .s ikafika megabaiti 140. Faili ya .o iliyoizaa ilikuwa na megabaiti 70.

Seva ilikuwa kuukuu, na kumbukumbu yake haba. Kazi ambayo mashine mpya ingeimaliza kwa muda mfupi, hii iliivuta karibu nusu saa. Binti aliijaribu usiku mmoja, na asubuhi hakukuta programu. Akadhani umeme ulitikisika au mtandao ulikatika. Akaandika katika ratiba ya mashine agizo dogo: kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja na nusu alfajiri, kila nusu saa, ikiwa programu haijapatikana, kompaila ianze upya. Akalala usingizi wa mtu aliyemweka mlinzi. Agizo hilo lilikwenda usiku nne, mara kumi na sita kila usiku, jumla majaribio 64.

Asichojua ni kwamba katika mashine ile lilikuwamo agizo jingine, la zamani. Mtunza mitambo wa maabara, ambaye wote walimwita Mzee, aliliandika miaka kadhaa nyuma baada ya mwanafunzi mmoja kuiacha programu yake izunguke bure siku tatu na kuwakosesha wengine nafasi. Agizo hilo huamka kila robo saa, hukagua kazi za wanafunzi, na kazi yoyote yenye umri wa kupita dakika kumi huiua kwa ishara namba 9, kisha huandika katika daftari lake saa na jina la mwenye kazi. Karatasi yenye sheria hiyo iligandishwa mlangoni. Jua liliila hata haikusomeka tena. Basi kila usiku maagizo mawili yalishindana gizani, moja likianzisha na jingine likiua, na hapakuwa na mwanadamu macho wa kuyaamua.

Alfajiri ya usiku wa nne, mwanafunzi mmoja wa uzamivu, aliyezoea kufanya kazi kabla ya jua kuchomoza, alihifadhi faili yake saa kumi na moja na dakika kumi. Ndani yake mlikuwa na masimulizi ya wavuvi wazee, aliyoyasikiliza katika kinasa sauti na kuyaandika neno kwa neno kwa muda wa wiki tatu. Programu aliyoandikia ilianza kwa kuifuta faili ya zamani, kisha ikataka kuandika mpya. Mashine ikajibu kwamba hapana nafasi katika diski. Mtandao ukasitasita, dirisha likafungwa. Alipolifungua tena, faili ilikuwapo kwa jina, na ukubwa wake ulikuwa sifuri. Sauti za wazee zilisalimika, lakini kazi ya wiki tatu ilikwisha kwa kufumba na kufumbua.

Saa mbili asubuhi Mzee aliikagua diski. Aliikuta imejaa asilimia 99. Akapima folda moja moja mpaka akafika /tmp, na humo akakuta karibu gigabaiti 13 za mtu mmoja. Jina lilikuwa la binti. Hapakuwa na haja ya kuuliza zaidi. Aliifunga akaunti yake, akabandika karatasi katika ubao wa matangazo kwamba fulani amefungiwa seva kwa kujaza diski ya wote na kusababisha hasara. Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imezaa watoto. Wengine walisema alikuwa akihifadhi filamu. Wengine walisema filamu za namna gani. Kijana aliyepoteza masimulizi alipita mbele yake asimsalimu. Binti alikuwa amebakiwa na siku kumi na mbili za kuwasilisha tasnifu, na jedwali lake lote lilikuwa ndani ya akaunti iliyofungwa.

Alikwenda maabara alasiri.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kama umekuja kuomba kufunguliwa, rudi. Jambo hili litakwenda kwa mkuu wa idara."

"Sikuja kuomba hilo. Nimekuja kuomba jambo moja dogo. Nimeambiwa utazifuta faili hizo leo. Zifute, lakini nionyeshe kwanza unachofuta. Sijui niliweka nini."

Mzee alimtazama. Katika miaka yake mingi ya kazi hiyo alikwisha kusikia viapo vya kila namna, lakini hakuwahi kuona mshitakiwa anayeomba kuonyeshwa ushahidi. Akavuta kiti cha pili.

Orodha ilipotokea katika skrini, jambo la kwanza lililoonekana ni kwamba hazikuwa filamu. Zilikuwa faili 122, na kila jina lilianza na cc. Mzee aliyajua majina ya namna hiyo. Akasema taratibu kwamba hizo si faili alizoziweka mtu. Ni maranda ya kompaila, nayo huyafagia yenyewe. Binti akauliza kwa nini basi hayakufagiwa. Mzee hakuwa na jibu, na kukosa jibu kulimkera, kwa maana ilikuwa ni kazi yake kulijua.

Wakaanza kuzipanga. Zilikuwa jozi 61, kila .s na .o yake. Faili zote za .s zilikuwa na ukubwa mmoja, na zote za .o kadhalika. Mzee akachukua .o mbili za usiku tofauti na kuzilinganisha baiti kwa baiti. Hazikutofautiana hata kwa moja. Faili iliyokatika katikati hukatika popote. Haiwezekani 61 zikatike mahali pamoja. Maana yake zilikuwa kamili. Fundi wa kwanza alimaliza, fundi wa pili alimaliza, na fundi wa tatu hakuitwa.

Kisha wakatazama saa. Kila faili ya .s iliguswa mara ya mwisho kama dakika ya 12 baada ya kazi kuanza, na kila .o kama dakika ya 17. Binti akauliza kuna nini kati ya dakika ya 12 na ya 17. Mzee alinyamaza. Dakika ya 15 ilikuwa ni robo saa, na alimjua mtu anayeamka kila robo saa.

Alifungua daftari la agizo lake, ambalo hakulisoma kwa miezi mingi. Humo mlikuwa na mauaji 61 ya jina lile lile, yote katika dakika ya 15 au ya 45. Majaribio ya binti yalikuwa 64. Wakahesabu tena, wakaona kwamba matatu ya mwisho, kuanzia saa kumi na nusu alfajiri, hayamo katika daftari la mauaji wala hayakuacha kitu mezani. Na hilo ndilo lililofungua fumbo zima. Majaribio hayo matatu yaliikuta diski imekwisha kujaa. Cc1 alijaza nafasi ndogo iliyobaki, akashindwa kumaliza, akafa kifo chake cha kawaida kabla ya robo saa kutimia. Nyapara alikuwa hai bado, na aliye hai hufagia. Ndiyo maana asubuhi diski ilikuwa na nafasi kidogo, ingawa saa kumi na moja na dakika kumi, wakati kijana alipohifadhi masimulizi yake, haikuwa nayo hata chembe.

Kwa hiyo kazi zilizoshindwa ziliacha sakafu safi; zilizouawa ndizo zilizoacha kifusi. Na faili za .o ziliguswa baada ya mauaji kwa sababu agizo la Mzee lilihesabu umri wa kila mchakato peke yake. Nyapara alikuwa na dakika kumi na tano, akauawa. Fundi as alikuwa ndiyo kwanza ana dakika tatu, akaachwa. Fundi huyo aliendelea kufanya kazi kwa bwana aliyekwisha kufa, akaimaliza kwa uaminifu, akaiweka mezani, akaondoka. Hakuwako wa kuipokea. Mara 61 binti alikuwa amekaribia kuipata programu yake, na mara 61 ikalala mlangoni.

Hapo pakawa na kimya. Binti hakusema neno, na pengine hiyo ndiyo heshima kubwa zaidi aliyomfanyia mzee yule. Alimwachia aseme mwenyewe.

Yafaa kutazama alikuwa katika hali gani mtu huyo. Alikuwa amebakiza miaka michache astaafu. Sifa yake katika chuo ilikuwa moja, kwamba mashine zake hazilali. Mamlaka yote ya seva yalikuwa mkononi mwake. Faili zilikuwa mbele yake, daftari lilikuwa mbele yake, na agizo moja lingetosha kuviondoa vyote viwili. Hapana mwingine aliyejua. Angeweza kumfungulia binti akaunti kwa huruma, akaitwa mwungwana, na lawama ikabaki palepale ilipobandikwa. Kufuta ilikuwa ni kazi yake ya kila siku; siku hiyo tu kufuta kungekuwa dhambi.

Alisimama, akaenda kwenye ubao wa matangazo, akaitoa karatasi ya asubuhi na kuibandika nyingine. Iliandikwa kwa mkono. Ilisema kwamba faili zilizojaza diski hazikuwekwa na mwanafunzi, bali ziliachwa na kompaila iliyouawa mara 61 na agizo la mtunza mitambo mwenyewe, bila ya onyo. Kwamba mwanafunzi alikosea kwa kurudia kazi bila ya kukagua. Na kwamba kosa la kwanza na lililo kubwa zaidi ni la mwenye agizo. Chini akatia jina lake lote.

Kisha akarudi kazini. Alichukua faili moja ya .o kati ya zile 61, akainakili katika folda ya binti, akamwambia aite gcc juu ya hiyo peke yake, pasipo kufasiri upya. Fundi wa tatu akaitwa hatimaye. Kabla ya mtu kumaliza kikombe cha kahawa programu ilikuwa tayari, na ilipoulizwa neno la kwanza ilitaja ngeli yake.

Ndipo wakafagia, nao hawakufagia kwa pupa. Mzee alikagua kwanza kama kuna mchakato wowote uliozifungua faili zile wakati huo, kwa maana kumfutia mtu faili iliyo kazini ni kumvuta seremala ubao chini ya randa. Hapakuwa na yeyote. Akatazama mwenyewe, akatazama tarehe, akaweka jozi moja na daftari lake kando kama ushahidi kwa mkuu wa idara, ndipo akaziondoa zilizobaki. Jioni ile ile alibadili agizo lake: sasa hutuma ishara namba 15 kwanza, husubiri dakika nzima, na kwa mkaidi tu hutuma namba 9, na kila linapofanya hivyo humwandikia mwenye kazi barua ya sababu. Folda ya /tmp aliihamishia katika sehemu yake yenyewe ya diski, ili siku ikijaa isimeze kazi za watu, na akaweka ufagio wa kuondoa vilivyokaa zaidi ya siku kumi. Binti naye alilitoa jedwali ndani ya programu akaliweka katika faili ya kusomwa, jambo ambalo lingalimwepusha na yote. Alijifunza pia kwamba gcc ikipewa agizo la -pipe, mafundi hupokezana asembli mkono kwa mkono bila ya kuiweka mezani. Na kwamba kwa kutaja TMPDIR mtu aweza kuhamishia meza yake nyumbani kwake, badala ya baraza la wote.

Masimulizi ya wavuvi hayakurudi. Hapana hila ya mashine iliyoweza kuyafufua. Binti alipokwisha kuwasilisha tasnifu alikwenda kwa kijana yule, akaketi naye kila jioni, mmoja akisikiliza na mwingine akiandika. Mzee alikuja mara kwa mara baada ya saa za kazi. Aliandika kwa vidole viwili, polepole, lakini alikuwa amezaliwa pwani na aliyajua majina ya samaki na pepo kuliko wote wawili, na mahali pengi sauti ilipofifia yeye ndiye aliyelitambua neno. Kijana alikiri baadaye kwamba andiko la pili lilikuwa sahihi zaidi kuliko la kwanza. Hata hivyo wiki zake tatu zilikuwa zimekwenda, na hapana aliyemwambia kwamba hazikuwa kitu.

Watu husifu uvumilivu, na ni haki kuusifu. Lakini kurudia jambo mara 64 bila ya kuuliza kwa nini limeshindikana mara ya kwanza si uvumilivu. Ni usingizi wenye miguu. Watu husifu pia ulinzi mkali, nao una mahali pake. Lakini mlinzi anayeua kabla ya kuuliza hujitwika deni bila ya kujua: kila anayemwua alikuwa na jambo mkononi, na jambo hilo halifi pamoja naye. Hubaki sakafuni likingoja mwenye kulifagia, na mara nyingi anayeambiwa alifagie ndiye asiyelimwaga.

Masalio nayo yana haki yake ya kutazamwa. Mwenye haraka huyaita takataka, akayatupa, akanawa mikono. Yaliyokutwa chini ya meza ile yalikuwa na saa ya kifo, jina la aliyekufa, na kazi nzima iliyokamilika ikimngoja mwenyewe. Yote hayo yangekwenda kwa agizo moja fupi, kama binti asingaliomba kuonyeshwa kabla ya kufutwa.

Karatasi ya Mzee ilikaa ubaoni muda mrefu kuliko matangazo mengine. Jua liliila kidogo kidogo kama lilivyoila ile ya mlangoni, lakini safari hii hapakuwa na mwanafunzi ambaye hakuwa ameisoma.